Babu wa Nimsa

Shangazi yangu, dadaake baba, ndiye aliyenipa hadithi ya babu wa Nimsa. Nimsa ndiyo Austria, lakini nyumbani kwetu hatujawahi kuiita hivyo. Ijumaa mchana, tukishamaliza biriani, nilikuwa nakaa zuliani kwake, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, naye akinisuka huku anasimulia.

Babu huyo alikuwa bwana mkubwa kwao, mtoto wa mwisho katika nyumba ya kasri na misitu. Kasri likaenda kwa kakaake, yeye akaambulia cheo kitupu. Akaja Unguja kutafuta maisha, akashikwa na homa, akauguzwa, akasilimu, akamwoa bibi yetu. Wakapata mtoto wa kiume, ndiye aliyemzaa baba na shangazi. Kisha ikaja habari: kaka amekufa, hana mtoto, kasri ni lako. "Nakwenda kuzika, ntarudi," akasema. Hajarudi mpaka leo! Huko akaoa mwanamke wa daraja yake, na mwanawe wa Unguja akalelewa na mjomba, akaitwa kwa kabila la mjomba.

Kabila hilo ndilo lililomo kwenye pasi tulizopewa tulipohamia Omani. Si letu. "Hii iwe ya humu ndani, mwanangu," shangazi alikuwa akinambia. Maskati ya miaka ya tisini, posa huanza kwa kuuliza asili ya baba, na sie tukiulizwa tulitaja kabila la mjomba, tukanyamaza.

Nikaposwa. Mwenyewe nilimjua kazini, kwao Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa wenye nacho, na mie, wallahi, nilimpenda. Mamaake akaja, akanikagua, akatabasamu. Nguo zishaanza kushonwa. Mara kimya, simu hazipokelewi. Mwisho dadaake akanifuata, machozi yakimlengalenga. "Mama hataki. Anasema nyie hamna kabila, babu yenu Mzungu. Shangazi yako mwenyewe ndiye aliyekuja kumwambia."

Nikamwita mwongo. Loo, mjinga mie! Mwaka haukwisha, yule bwana akamwoa binti wa shangazi. Na hapo huna la kusema, maana kabila hufuata baba, na babaake binti huyo ana kabila lake safi. Doa lote likabaki kwetu, watoto wa mwanamme. Shangazi aliyajua haya siku zote alizokuwa akinisuka.

Tukaingia miaka ya elfu mbili, binti akajifungua. Baba akanisihi niende arubaini ya mtoto, nikenda. Sebule imejaa wanawake, udi unafuka, halwa inapita. Mtoto ana macho ya kijivu, yangu haya haya. Mama mkwe, yule yule aliyenikataa, anamwonesha kila anayeingia: "Mashallah, mtazameni! Kachukua kwa bwana mkubwa wa Nimsa, mwenye kasri!" Na shangazi anacheka, anaitikia. Nikaiweka kahawa chini.

Shangazi akaniwekea mtoto mapajani. "Msimulie babu yake, mwanangu. Hadithi unaijua wewe kuliko wote."

Nikamsimulia kwa sauti, sebule nzima ikanisikiliza: kasri, kaka, homa, mtoto aliyeachwa.

"Babu yako alituacha," nikamwambia, na macho yangu yako kwa shangazi. "Lakini yeye alikuwa mgeni."