Mbegu za Kunyunyizia Juu ya Mkate

Ipo Ijumaa moja ya Dubai, mwanangu, ambayo hata leo ninaijutia. Sikuwa kijana wa umri. Nilikuwa na mvi za kuhesabika na watoto walionizidi kimo. Lakini katika mji ule nilikuwa mchanga kabisa, maana mtu akiingia nchi ya watu huanza kujifunza upya, na mimi sikutaka kuanza upya. Niliona kidato cha nne nilichomaliza na umri wangu vinanitosha.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ya madam mmoja aliyependa wageni. Ndiye aliyenifundisha sandwichi ndogo za kuoka. Sikiliza jinsi zinavyotengenezwa, kwa sababu bila hayo hutaelewa upumbavu wangu. Unachukua mikate midogo ya mviringo iliyookwa ikashikana kwenye trei moja. Huitenganishi. Unapitisha kisu kirefu katikati, kutoka ubavu huu hadi ule, mpaka sehemu yote ya juu inafunuka kama kifuniko. Chini unatandika jibini kwanza, ili mkate usilowe, kisha nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi na nyama ya bata mzinga, zote zimekatwa nyembamba sana, kisha achari ya matango, kisha jibini tena. Unafunika. Unayeyusha siagi, unaichanganya na haradali, kitunguu kilichokunwa na sukari kidogo, unaimwaga juu mpaka iteremke kwenye mianya. Unaoka ikiwa imefunikwa kwa foili, na mwishoni unaifunua ili mikate ipate rangi. Nyumba nzima inanukia. Wageni wanaacha mazungumzo yao na kugeukia jikoni.

Madam alikuwa akinyunyizia ufuta juu. Lakini katika picha aliyonitumia kwenye simu yangu siku ya kwanza, mikate ilikuwa na vijimbegu vyeusi, vidogo kama baruti. Niliviona mara moja. Nikajiambia madam anabana matumizi, au pengine hajui. Sikumuuliza. Sisi wapishi wa majumbani tulikuwa na ugonjwa huo: kumuuliza madam ni kukiri kwamba hujui, na nani alitaka kukiri?

Sasa, miaka ile Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu. Wakristo wa Kenya tulisali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku tuliyopewa ya kupumzika. Ushirika wetu ukaandaa siku ya shukrani katika bustani ya mapumziko, na mimi nikainua mkono mbele ya watu wote nikasema chakula kiachwe kwangu. Otieno, tuliyekaa naye chumba kimoja kule Al Baraha, alikuwa mlinzi wa maghala ya Jebel Ali. Alinicheka tangu siku hiyo.

"Mzee, watu wametoka kusimama zamu usiku kucha, wewe unataka kuwapa mikate ya kung'atwa mara moja?"

"Ngoja uone."

"Nitaona, na bado nitakuwa na njaa. Si utupikie ugali kama mtu wa kwao?"

Kila alipotania, mimi nilizidi kuapa kwamba mikate yangu itafanana na ile ya picha, mbegu kwa mbegu. Nikaenda Al Ras, kwenye soko la viungo. Kulikuwa na muuzaji mmoja, mzee mchangamfu aliyejifunza Kiswahili cha biashara kutoka kwa wateja, ambaye kila mara aliniita rafiki. Nikamwonyesha picha. Uso wake ukabadilika. Aliishusha simu yangu kwa kiganja chake, kama mtu anayeficha kitu kiovu, akaangalia huku na huku.

"La, la! Hapa hakuna. Yalla, rafiki, nenda."

Nilishtuka. Kisha nikakasirika. Duka la pili walinifukuza vivyo hivyo, na mwenye duka akaniuliza ni nani aliyenituma. Mwanangu, watu wawili waliogopa mbele ya macho yangu, na mimi nikadhani ni dharau. Nikarudi nyumbani nikisema wafanyabiashara wa mji huu wana maringo.

Wiki hiyo mpwa wangu Nekesa, mtoto wa kwanza wa dada yangu, alikuwa anakuja. Alikuwa amepata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, baada ya kuingoja viza kwa muda mrefu hata watu wa kwetu walianza kumcheka. Nawe unajua desturi yetu. Anayekwenda Dubai haendi peke yake. Begi lake lina majani ya chai ya huyu, unga wa wimbi wa yule, na omena za mwingine zilizofungwa kwa nailoni mara tatu zisitoe harufu. Anayekataa huitwa mwenye roho mbaya kabla hajapanda ndege. Nikampigia simu akiwa Nairobi, nikamwelekeza kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, ambako mbegu hizo huuzwa mchana kweupe kama bizari.

"Ni mbegu tu, Nekesa. Za mapishi."

"Sawa, Anko. Nikikosa nyeusi nichukue nyeupe?"

"Ziwe nyeusi. Nyeupe hazionekani."

Angeweza kuchukua nyeupe na yangetokea yaleyale. Lakini bado maneno hayo hunichoma.

Asubuhi ya Ijumaa nilisimama uwanja wa ndege, mahali pa kupokea wageni. Watu wa ndege yake wakatoka, wakaisha. Nekesa hakutoka. Nikadhani wakala wa hoteli amemchukua kwa mlango mwingine. Na hapa nakuomba unitazame vizuri, mwanangu, usinionee haya: kilichonikera njiani nikirudi hakikuwa mtoto wa dada yangu. Kilikuwa mbegu. Nililalamika peke yangu ndani ya basi kwamba sasa itabidi nitumie ufuta.

Nilioka katika mkahawa wa Bi Rukia pale Al Baraha. Alikuwa mwanamke wa Kizanzibari aliyeletwa Dubai na wazazi wake akiwa msichana, na Kiunguja chake hakikuwa kimemtoka hata kidogo. Alinipa jiko lake, akanipa na ufuta wake, kisha akafuatana nami bustanini ili aone, kama alivyosema, mikate gani hiyo inayomtia mwanamume kiherehere. Trei zikafunuliwa. Watu walikula wakilamba vidole. Otieno alichukua ya tano, akasema kwa mdomo uliojaa, "Mzee, nafuta kauli. Hizi ni za malaika." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbegu nyeusi ziko wapi.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa dada yangu, kutoka nyumbani.

"Nekesa amenipigia. Wamemzuia uwanjani. Wanasema amebeba dawa za kulevya." Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu asiyeelewa maneno anayoyasema. "Dawa gani? Mtoto wangu alibeba nini? Wewe unajua kitu?"

Na mimi, mwanamume mzima, nikiwa na kisu cha mkate mkononi, nikasema, "Sijui."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Nilikata simu nikabaki nimesimama. Bi Rukia akaniuliza kulikoni, nikamweleza kwa vipande vipande. Nilipotaja mbegu na kumwonyesha picha, alijishika kifua.

"Ya Rabi! Wewe una wazimu? Hizi si mbegu za mmea wa afyuni? Hapa, mbegu, ua, utomvu, vyote ni mamoja mbele ya sheria yao."

"Lakini Bi Rukia, ni za mapishi! Kwetu zinauzwa dukani!"

"Kwenu! Umekuja huku na sheria za kwenu mfukoni? Umekaa jikoni kwangu leo saa nzima. Ungelinitajia mbegu hizo wiki iliyopita ningelikupiga na mwiko, ukapona." Akanirudishia simu. "Na dada'ko umemjibu nini?"

"Nimemwambia sijui."

Sijawahi kutazamwa namna ile, si kabla wala baada. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

"Basi n'sikize. Yule mtoto sasa hivi anaulizwa, 'Hizi za nani?' Na mwenye jibu ni wewe, umesimama hapa unagawa mikate."

"Nikienda watanishika, Bi Rukia. Nina watoto shuleni."

"Watakushika. Twende."

Nilikwenda kwa sababu yeye alikuwa ameshatangulia. Ningependa kukuambia kwamba ni moyo wangu ulionipeleka, lakini nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya. Mama yule alinitembeza kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani, akanisukumia ndani ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mtulivu, mwenye adabu. Bi Rukia alimweleza kwa Kiarabu, kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeduwaa.

"Anasema binti ameulizwa zaidi ya mara moja kama yuko aliyemtuma. Amejibu hakuna. Amesema ni zake, alitaka kujifunza kuoka keki."

Fikiria, mwanangu. Mtoto ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake, ndani ya chumba cha watu asiowajua, kwa lugha isiyo yake, alikuwa amenificha. Na mimi, mbele ya siagi na jibini, nilikuwa nimemkana kwa mama yake mzazi.

Nikasema ni zangu. Nikarudia. Afisa akauliza, basi ni nani kati yenu anayesema uongo? Nikamjibu kwamba ni mpwa wangu, na anausema kwa ajili yangu. Wakanizuia na mimi.

Sitakusimulia siku zile. Nitakuambia tu kwamba madam wangu alikuja. Nilitarajia matusi. Akaniuliza swali moja kwa upole: "Kila siku tuko jikoni pamoja. Kwa nini hukuniuliza?" Alijua habari za mbegu hizo tangu alipofika nchi ile. Ndiyo maana alitumia ufuta. Hakuwa anabana matumizi. Angenijibu swali langu akiwa anamenya kitunguu.

Mwishowe maelezo yetu yalilingana, wakaona kwamba ni ujinga na si biashara, wakatuachilia. Mimi nilirudi kazini kwangu. Nekesa hakuwa na pa kurudi. Hoteli ilikuwa imeshamweka mtu mwingine, viza imefutwa, naye akarejeshwa kwa ndege. Tuliruhusiwa kukaa pamoja kidogo kabla hajaondoka. Alikuwa amekonda, na viatu vipya alivyonunuliwa na mama yake vilikuwa bado vinang'aa.

"Kwa nini ulisema ni zako?" nikamuuliza.

"Nilijua utakuja, Anko. Nikaona nikushikilie mzigo mpaka ufike."

Baadaye akauliza, taratibu, bila hasira:

"Kwani zilikuwa za nini?"

"Za kunyunyizia juu ya mkate."

"Zinaingia ndani?"

"Hapana. Juu tu."

"Zina ladha?"

"Hazina ladha ya maana."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akafunga kitambaa chake vizuri, akaniuliza kama mama yake amejua anafika saa ngapi. Hatukuzungumza tena habari hiyo, wala hajawahi kunilaumu, na mara nyingi nimetamani anilaumu. Dada yangu nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, nilipokuja likizo, kwamba nilijua na nikasema sijui. Hakunifukuza. Aliinuka akaenda kutazama moto jikoni, na moto haukuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo wewe unayepanga begi lako leo, nisikilize. Kabla hujabeba cha mtu, kifungue, ukijue, na uulize kama huko unakokwenda kinakubaliwa. Kukubaliwa kwetu hakutoshi. Kama hujapata jibu, kiache, hata wakikuita mwenye roho mbaya. Na wewe uliyetangulia kufika, usimtwike mgeni hamu zako. Anaingia mlango ambao wewe ulishaupita, na hajui ni upi. Ukiona mtu wa mahali pale anaogopa kitu ambacho wewe hukiogopi, usimwone mjinga wala mwenye maringo. Simama hapo hapo umuulize kwa nini. Muulize na tajiri wako. Aibu ya kuuliza huisha kabla chai haijapoa. Ya kwangu mimi ninalala nayo bado.

Na ikitokea umekosea, maana utakosea, usiliache kosa lako liulizwe kwa mwingine. Nenda, usingoje uwe jasiri. Mimi sikuwa jasiri, nilisukumwa, na hata kwenda kwa kusukumwa kulimtoa mtoto wa watu kifungoni.

Mungu akusafirishe salama, mwanangu. Akupe kazi yenye heshima na watu wema wa kukukemea mapema. Asikuandikie kamwe kulibeba kosa la mtu, wala mtu kulibeba lako, na siku ukirudi kwenu umkute mama yako akikungoja kwa furaha. Amina.