Mawaridi Yaliyopisha Barabara

Hivi karibuni nilipanda nyumbani, Old Moshi, kwa teksi niliyoichukua stendi ya mjini. Barabara yetu siku hizi ni ya lami na gari linapanda mlima bila kulalamika. Tulipokaribia, dereva akaniuliza, "Mama, nikushushe wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Hapo mbele, kwenye mawaridi." Akapunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mawaridi yapi, mama?" Nikatazama nami. Hapakuwa na waridi hata moja. Mahali pale hapajaota waridi tangu nikiwa msichana wa darasa la nne, na nywele zangu sasa unaziona zilivyo.

Basi nikashuka, nikasimama kando ya lami na mkoba wangu, na kila kitu kikanirudia. Wewe ni mtu wangu wa siku nyingi, acha nikusimulie.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Nyumba yetu ilikuwa na migomba nyuma na kahawa ubavuni, kama nyumba zote za kwetu, lakini mbele, kuanzia mlangoni hadi kwenye njia ya miguu, ilikuwa na mawaridi. Bibi aliyaleta mwenyewe akiwa msichana. Alikuwa akifua nguo kwa akina mama wa misheni, na walipopogoa bustani yao, wenzake waliomba wapewe mashuka makuukuu. Yeye aliomba vile vijiti vilivyokuwa vikienda kutupwa. Alivichomeka ardhini, akavifunika kwa majani ya mgomba, watu wakamcheka. Mpaka nilipopata akili mimi, mashina yake yalikuwa manene kama mkono wa mtu mzima, na maua mekundu na ya rangi ya waridi yalinipita kimo. Mtu akipotea njia aliambiwa, panda mpaka utakaposikia harufu, hapo ndipo kwa yule mama.

Asubuhi zetu zilikuwa na mpango wake. Kwanza tulimkamua ng'ombe, tukabandika uji, na moshi wa kuni ukitoka juu ya paa tulikwenda kwenye maua kabla jua halijachoma. Bibi alichimbua udongo taratibu kuzunguka kila shina, mimi nikamletea samadi kutoka zizini na majivu kutoka jikoni. Vidukari vilipoingia kwenye machipukizi tulivinyunyizia maji ya sabuni iliyobaki ya kufulia. Siku ya kupogoa alinipa kisu na kunisimamia. "Usikate kama unakata majani ya ng'ombe," aliniambia. "Tafuta jicho. Kata juu yake, mshazari, maji yapate kuteleza." Jumamosi jioni alichagua yaliyofunguka nusu, akayafunga kwenye jani bichi la mgomba, na kesho yake yalikuwa madhabahuni, na mimi nikayatazama ibada nzima kama ndugu zangu walioitwa mbele.

Lakini shina moja lilikuwa langu. Lilikuwa waridi jeupe, karibu kabisa na kizingiti. Mama yangu ndiye aliyelipanda akiwa msichana, kwa kijiti alichopewa na mke wa mwalimu wake.

Mama sikumjua. Alifariki nikiwa natambaa bado, akiwa na uchungu wa mtoto wa pili. Ilikuwa masika. Wanaume walimbeba kwa machela kumteremsha hospitali ya Mawenzi, na njia yetu wakati ule ilikuwa ya miguu tu, tope mpaka magotini, na mteremko wenyewe unaujua. Hawakufika. Alikata roho njiani, yeye na mtoto wake, wabebaji wakiwa wamesimama kwenye mvua hawajui waendelee kushuka au warudi. Picha yake hatukuwa nayo. Nilipomuuliza bibi mama alikuwaje, alinishika mkono akanipeleka kwenye lile waridi. "Alikuwa akisimama hapa akichana nywele," alisema. "Akiimba. Sauti yenyewe haikuwa nzuri." Kisha alicheka, na mimi nilicheka, na hicho ndicho nilichokuwa nacho cha mama.

Tangu msiba ule bibi alikuwa na neno moja. Kila mkutano wa kijiji, hata kama watu waliitwa kuzungumzia dawa ya kahawa au duka la ushirika, yeye alisimama. "Barabara," alisema. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu mpole wa makamo, alimjibu, "Mama, la barabara umeshalisema." Naye akamjibu, "Nitalisema tena." Watoto wenzangu walinitania kwa hilo. Miaka ikapita. Halafu siku moja mwenyekiti akasimama mwenyewe, akasema kuwa ombi limekubaliwa, wilaya itatuazima greda. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaitika. Bibi alipika machalari ya ndizi na nyama siku hiyo, na nyama kwetu haikuwa ya siku yoyote tu.

Wapimaji wakaja na mambo zao, vile vigingi vya kupimia, wakazichomeka. Nilikuwa natoka shule nilipoziona. Zilipita mbele ya nyumba yetu, katikati ya mawaridi, kutoka la kwanza hadi la mwisho.

Mwenyekiti alikuja jioni ile, na mkononi alishika jani la isale. Kwetu uchagani mtu akikujia na isale, amekuja kuomba radhi, na radhi ya isale haikataliwi, hata kama aliyekukosea alimwaga damu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Isale ya nini? Umenikosea nini?"

"Umeziona mambo."

"Nimeziona."

"Upande wa chini ni korongo, mama. Upande wa juu ni mfongo wa kijiji kizima, tukiuvunja watu hawana maji. Nimewarudisha wapimaji mara ya pili, wametembea tena kote. Hakuna pengine."

Bibi alitazama nje. Ilikuwa kiangazi, jua la Februari, na mawaridi yalikuwa yamechanua kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. "Ngojeni masika basi," alisema. "Waridi halihamishwi kiangazi. Mvua ya kwanza tu ikinyesha nitayahamisha yote mwenyewe, wala sitamsumbua mtu."

"Greda si letu. Linatakiwa Mkuu, kule Rombo. Likienda huko, halirudi huku." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Ningekuwa na la kufanya ningelifanya."

Bibi alilipokea lile jani kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu akipokea kitu kwa heshima namna ile huku uso wake wote unakikataa.

Mwenyekiti alipoondoka nilipiga kelele. Nilimwambia bibi arudishe isale, awafungie njia, alale mbele ya greda. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi. "Nikatae nini?" aliniuliza. "Barabara nimeililia mimi. Nikikataa leo, nitamwambia nini mama yako?"

Kesho yake tulianza kuyahamisha. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa na mkwe mjamzito, alikuja na jembe bila kuitwa. Waridi la kuhamishwa lazima kwanza likatwe matawi lisije likakauka kwa kubeba mzigo, kwa hiyo bibi alipita na kisu akayakata yote, maua na vitumba na majani mapya, mpaka yakabaki mashina matupu kama vidole. Hatukuwa na arusi, hatukuwa na ibada, na nyumba ilijaa maua. Tuliyaweka kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye vibuyu vya pombe, na yaliyobaki tuliyalaza sakafuni. Jirani alikwenda nayo kwake amekumbatia kama kuni. Usiku sikuweza kulala kwa harufu.

Kuchimba ndiko kulikotushinda. Mizizi ya mawaridi yale ilikuwa ya umri wa bibi, imepita chini ya mawe, imeshikana. Tulipovuta tuliisikia ikikatika ndani ya ardhi. Bibi aliacha kuvuta, akapiga magoti, akachimba kwa mikono, lakini shina moja lilichukua asubuhi nzima na greda lilikuwa linasikika tayari huko chini, linanguruma likipanda. Waridi la mama tulilichimba kwa muda mrefu kuliko mengine. Lilitoka na mizizi ya kutosha, au tulijiambia hivyo, tukalibeba mimi na yeye juu ya gunia mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, taratibu kama watu wanaobeba mgonjwa.

Greda lilipofika, dereva alizima moto mbele yetu akashuka. Aliona petali zimetapakaa kila mahali. "Kumbe hapa palikuwa na maua," alisema. Bibi alimpa uji wa moto. Akanywa amesimama, akashukuru, akapanda, na kwa muda mfupi tu palipokuwa bustani pakawa udongo mwekundu uliolainishwa vizuri, mpana, ulionyooka.

Basi ikabaki kazi ya kuyafufua. Mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ulikuwa umepungua sana, na maji yaligawiwa kwa zamu, kwanza ya migomba na mifugo, na nani angethubutu kuombea maua? Nilimwagilia maji ya kunawia, maji ya kuoshea vyombo, nikioga nilioga ndani ya beseni nisipoteze tone. Bibi aliyafunika mashina kwa majani ya migomba na kuyajengea vibanda vidogo vya kuyakinga jua. Siku moja asubuhi niliona machipukizi mekundu yametokeza kwenye lile la mama, halafu kwenye mengine. Nilikimbia nikipiga kelele, "Yameshika! Bibi, yameshika!"

Bibi aliinama akatazama. Alijua. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba shina lililokatika mizizi huchipua kwa nguvu iliyobaki ndani yake, halafu nguvu ile ikiisha ndiyo basi. Aliniacha nifurahi siku zile chache. Kisha machipukizi yakalegea, yakawa meusi. Mashina yakafuatana, moja baada ya jingine, na kila asubuhi nilikwenda na kopo langu la maji nikiogopa kukata kona ya nyumba. Nilimwagilia hata yaliyokauka. Nililiombea lile la mama kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, maana sikujua Mungu anasikiliza kipi zaidi.

Lilikuwa la mwisho. Bibi alikwangua gome lake kwa ukucha, chini kabisa, akitafuta kijani. Palikuwa na kahawia tu. Akakwangua upande mwingine. "Limekwenda," alisema, akaketi pale pale udongoni na mikono yake mapajani, na mimi nilikaa karibu naye kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Baada ya siku chache masika yakaanza.

Mvua zikiwa zimekolea, asubuhi moja mkwe wa jirani alishikwa na uchungu. Mtu alikimbia misheni, Land Rover yao ikapanda ikiteleza huku na huku lakini ikapanda, ikamchukua, ikashuka naye mbele ya mlango wetu. Bibi alitoka akasimama kwenye mvua akiifuata kwa macho mpaka ilipopotea kwenye kona. Nilimshika kanga, nikamwita, hakunisikia.

Mkwe alirudi na mtoto wa kiume. Jirani alimleta kwetu kabla hajampeleka kwake, akamweka mikononi mwa bibi. "Huyu ni wako," alimwambia. "Bila kelele zako tungekuwa msibani." Bibi alimtazama yule mtoto muda mrefu, akambusu kwenye paji la uso, akamrudisha. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na jirani naye nje alilia, na mtoto akaamka.

Hakupanda tena. Watu walimletea vijiti kutoka Marangu, kutoka Machame, akavipokea kwa shukrani na kuvigawa. Alipozeeka, alikaa barazani akitazama magari. Tulimzika kwenye kihamba chetu, chini ya migomba, na jirani na mkwe wake wakamfuata. Mwenyekiti naye hayupo. Mfongo ulikauka, watu wana mabomba, na watoto wa siku hizi hata neno lenyewe hawalijui.

Nami juzi, nimesimama kando ya lami, nilijaribu kuliona tena waridi la mama yangu, nikashtuka. Nasema lilikuwa jeupe, na miaka yote hii nimesema hivyo. Lakini ni kama naona pia rangi ya maziwa ya mtindi kwenye kingo zake, na ndani kabisa, karibu na moyo wa ua, kitu kama wekundu hafifu. Au nimeuongeza mimi. Nilipita nyumba hadi nyumba kichwani mwangu nikitafuta wa kumuuliza, nikamaliza kijiji kizima, na hakuna aliyebaki aliyewahi kuliona.