Wifi Alivyonionyesha Kiwiko Changu

Mimi kwa hesabu yangu nilikuwa hodari wa badminton. Kila Jumamosi, saa ya wanawake katika ukumbi mmoja wa Ganjoni, nilivua buibui, nikakamata raketi na kukichapa kile kinyoya, ndio mpira wetu, kama niliyezaliwa kwa kazi hiyo. Kisipovuka wavu, basi wavu ulikuwa na lake jambo.

Mwalimu wetu, binti mpole wa Kidigo, aliniambia niinue kiwiko. Nikamwambia nimekiinua. Wiki ya pili akarudia, nikamuuliza kwa adabu zangu zote, kwani kiwiko ni chake au changu? Akasema kwengine humrekodi mtu kwa simu akajiona mwenyewe, maneno yakaisha. Sisi simu zetu zilibaki kikapuni mlangoni, maana humo ndani tuko vichwa wazi, na nani anataka picha yake izunguke mtaa mzima wa Kuze kabla ya adhuhuri? Niliipenda sana sheria hiyo.

Ila palikuwa na mashindano ya wawili wawili mwisho wa mwezi, na baada yake binti yangu, naye mchezaji wa humo humo, anasafiri kwenda kusoma Uturuki. Nilijua atacheza nami. Yeye akamtaka shangazi yake, dada wa mume wangu, ambaye naye hucheza nasi. Alinieleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Niketi benchi nimpigie makofi wifi, na mwana nimemzaa mimi! Nilirudi nyumbani nimevimba.

Wifi naye, kwa huruma zake nyingi, Jumamosi iliyofuata alisimama katikati ya ukumbi awaonyeshe watu ninavyocheza. Akabana kiwiko ubavuni, akatoa ncha ya ulimi, akapunga raketi mbele ya tumbo kama anayepepea jiko la makaa. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nikadhani anatia chumvi, kama kawaida yake. Nikamtazama binti yangu. Hakucheka, alikuwa anatazama sakafu.

"Ndivyo nilivyo?" nikamuuliza.

"Ndivyo, mama. Hata ulimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikamwomba wifi arudie. Akafurahi mno, masikini, akidhani ananimaliza. Alipofika pale pa kupunga nikamshika mkono, nikampandisha kiwiko mpaka mwalimu akasema hapo. Wallahi, ndiyo mara ya kwanza kuona hapo ni wapi. Nikapandisha changu kikalingana na chake. Tangu siku hiyo kila tukikutana namwomba aniigize mimi, naye hajapata kukataa fursa ya kunicheka.

Wiki ya mashindano binti yangu akamwambia shangazi yake, bila kunitazama, kwamba atacheza na mama. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Mchezoni kinyoya kilipanda juu, kikawa kinashuka katikati yetu. Yeye ni mrefu kuliko mimi, na mkono wake ulikwisha kuinuka.

"Chako, mama," akasema, akaushusha mkono na kunipisha.

Nikakipiga, kikavuka.