Maganda ya Shaba na Ukwaju wa Bibi

Hadi leo, nikisikia harufu ya ukwaju uliolowekwa, moyo unanidunda kama nimefumaniwa. Chekeni tu, lakini nisikilizeni.

Baba yangu alikuwa mwindaji tangu Arusha, na tulipohamia Toronto hakuacha. Risasi alizijaza mwenyewe kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba yetu ya mtaa wa Don Mills: anaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, kisha anayatia fataki na baruti mpya. Nilikuwa na miaka tisa, sielewi kitu. Ganda likinasa kwenye mashine yake ya kujazia, analaumu mafuta. Risasi ikikataa kuingia kwenye bunduki, analaumu urefu wa ganda. Kila hitilafu aliiandika daftarini huku akiguna, nami nikashangaa mtu mzima anagombana vipi na vitu vidogo hivyo.

Jumamosi moja Bibi, mama yake Baba tuliyeishi naye, aliyaona maganda hamsini yamechakaa mezani. Yeye aliyesugua vinara vya kanisa maisha yake yote!

"Mwanangu atumie vitu vichafu hivi, na mimi nipo?"

Basi tukasugua kwa ukwaju na chumvi mpaka vidole vikakunjamana. Yakang'aa, jamani! Bibi akaniambia, "Haya mama, yatie kwenye oveni yakauke. Moto mdogo." Akaenda zake kusali rozari. Mimi nilitaka yakauke kabla Baba hajarudi, nikazungusha swichi mpaka mwisho, nikakaa kutazama katuni.

Baba aliingia, akanusa, akafungua oveni.

"Moto ulikuwa kiasi gani?"

"Mdogo tu," nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Mdogo, Felix," Bibi akamwambia Baba, akiniunga mkono. "Mimi mwenyewe nilimwagiza."

Baba alinitazama usoni. Hakufoka. Yalipopoa, alichukua koleo, akayabana midomo moja moja, yote hamsini, yasiweze kutumika tena, akayatupa. Safari ya kuwinda ya kesho yake akaiahirisha. Bibi alilia jikoni, na wiki nzima hakumsemesha Baba. Nami nilichanganyikiwa kabisa. Kama ametuamini, mbona ameyatupa? Na kama hakuamini, mbona hakunichapa?

Baba alipofariki, nilikuta daftari lake. Kurasa za mwanzo ameeleza kwamba ganda likipata moto mkali shaba hulegea, na likipasuka bundukini linapasukia shavuni kwa mpigaji. Mbele kidogo, tarehe ya Jumamosi ile: "Maganda 50. Oveni. Mtoto anasema moto mdogo. Anaogopa. Nisimuulize tena. Tupa yote."

Kumbe alijua, akakubali mama yake amnunie ili mimi nisiumbuke. Bibi alitangulia kufa, akiamini mwanawe alidharau kazi ya mikono yake. Niliishi naye nyumba moja miaka sita baada ya siku ile, na sikumwambia kwamba swichi niliizungusha mimi.