Jina Chini ya Mwanamke wa Shaba

Kisimba na Badibanga walisubu shaba pamoja miaka kumi na minne katika karakana moja ya Kolwezi. Padri wa parokia alipotaka sanamu ya kuwakumbuka waliowagomea wauza-watumwa, sokoni palepale ilipopita misafara ya kupeleka watu pwani, Badibanga ndiye aliyefinyanga mfano wa udongo: mwanamke amevunja kongwa la shingoni, na uso ni wa Tshibola, mkewe. Kisimba alichochea tanuru, basi.

Shaba ilikuwa haijamiminwa mwaka 1993, vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza watu wa asili ya Kasai, kama Badibanga, warudi kwao. Badibanga alikuja mchana na mkewe na watoto watatu.

"Ndugu, batoto balale kwako mpaka treni ifike."

Kisimba aliziba mlango kwa mwili wake. "Batachoma nyumba yangu, Badi. Muende ku gare, benzenu beko kule."

Badibanga alimbeba mdogo, wakaondoka.

Walikaa kwenye kituo cha treni majuma mengi, mvua ikiwanyeshea. Kisimba alijua, hakwenda hata mara moja. Alimimina shaba peke yake. Siku ya kuizindua, padri mpya aliuliza nani kaitengeneza.

"Ni mi," akasema. Likachongwa jina lake chini ya sanamu.

Tangu hapo alilizunguka soko zima ili asipite mbele ya uso ule.

Miaka kumi na mmoja baadaye Tshibola alirudi, anauza vitambaa. Kisimba alimwona kwa mbali amesimama chini ya sanamu. Safari hii hakukwepa.

"Mama, Badi iko wapi?"

"Alikufia mu treni, mbele ya kufika Kamina. Tulimuzika pembeni ya reli."

Kisimba akapiga magoti. "Mi nilibafungia mulango. Na jina yake, niliiba."

"Ya mulango nilikuwa pale. Ya jina, ndiyo naisoma leo." Akatazama pembeni. "Simama. Bantu banaangalia."

Kesho yake Kisimba alileta tindo, akalifuta jina lake na kuchonga la Badibanga, watu wa soko wakimzomea kwa kuandika jina la Mkasai. Tshibola alitandaza vitambaa vyake hatua chache kutoka pale, bila kumsalimu.

Ernestine, mke wa Kisimba, ndiye aliyempelekea sahani ya ugali wa bukari na samaki. Tshibola alikula, akaiosha sahani, akamrudishia kwa mikono miwili. Kwa Kisimba hakutuma neno.