Nondo wa Chaki

"Nani amemfuta nondo wangu bawa?" wifi aliuliza, na mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Mtu anifute mimi uso, sawa. Nondo wangu, hapana."

Cherehani ziliongeza mbio, maana kila mtu aliona heri ashone kuliko aulizwe.

Wifi ni mjane wa kaka yangu, na ndiye mkataji katika chumba chetu cha kushonea sare za shule. Mimi naweka kola. Yeye ni mrefu, mkavu, kidole gumba kimekufa ganzi kwa mkasi, na akikasirika hata pasi ya moto inapoa. Lakini akianza hadithi, sote tunakuwa watoto. Anakata huku anasimulia miji inayoelea juu ya ukungu, milango inayozaa milango, malkia ambao nywele zao huimba wakilala. Anasema hatungi, zinamjia usingizini. Kwanza humwona mnyama au mdudu, watu wanakuja nyuma yake.

Ndiyo sababu ya chaki. Hadithi mpya ikianza, humchora kiumbe wake pembeni mwa meza ya kukatia, na ni mwiko kumfuta mpaka jambo alilokuja kulitangulia litokee. Ana deni huyo, wifi husema. Alipochora mjusi asiye na mkia tulibishana wee, mpaka siku mwana wa mfalme alipoacha mkono wake kwenye meno ya jitu ili aokoke. Wifi akachukua brashi, akamfuta mjusi, akasema, "Kalipa." Kunguru aliyebeba kijiti mdomoni, mimi nilitabiri harusi. Kumbe ulikuwa moto.

Safari hii alichora nondo mweusi. Alitua kwenye pazia la kitanda cha malkia, katika jumba ambalo mfalme alimfukuza binti yao na kupiga marufuku taa, na malkia akaanza kudhoofika. Mdudu mweusi juu ya kitanda cha mgonjwa. Kuna la kuuliza hapo?

"Ni mimi, dada," alisema Mama Vifungo. Kazi yake ni vifungo tu, na ni mpole hivi kwamba sindano ikimchoma anaiomba radhi.

"Kwa nini?"

"Baba watoto kalazwa. Nikitoka hapa nakaa kando ya kitanda chake, namwona mdudu wako kwenye pazia. Mwache malkia apone."

"Pole, mwenzangu. Lakini hadithi si mchuzi, kwamba chumvi ikizidi naongeza maji. Nondo nimemweka mbele yenu wote. Akiondoka bila kusema kitu, kesho nani ataniamini?"

"Basi usimalizie."

"Malkia akae anakata roho mpaka lini?"

"Wifi," nikasema, "ulimi wako unakata kuliko huo mkasi."

"Shona kola zako. Mbili zimepinda."

Kweli zilipinda.

Mchana ule hakusimulia. Mvuke wa pasi ulipanda, vumbi la chaki likaelea kwenye mwanga wa dirisha kama chumba kizima kimesinzia. Mwisho nilikuwa naujua, alishaniambia: malkia atakufa, na nywele zake zitaimba peke yake mpaka alfajiri. Nilimwona akimtazama nondo wa bawa moja, kama anamuuliza njia.

Asubuhi alikuja na macho mazito. Akamrudishia nondo bawa, akatandika kitambaa, akaanza kwa sauti ya chini. Nondo aliacha pazia, akaruka kwenye korido za giza huku akidondosha vumbi linalong'aa. Nondo wote wa mji wakamfuata, wakajaa kwenye dirisha moja lililozibwa kwa matofali. Mfalme akauliza wanataka nini. Mfagiaji wa jumba akamjibu, "Bwana mkubwa, umewahi kuona nondo akikimbilia giza? Wamenusa taa." Wakabomoa matofali. Nje, juu ya ukungu, binti wa malkia, yule aliyefukuzwa, alikuwa anapanda ngazi ameshika taa. Mwanga ulipofika kitandani, malkia akafumbua macho, akaomba maji, na nywele zake zikaanza kuvuma taratibu.

Mama Vifungo alikuwa bado ameshika uzi kwa meno.

"Amepona?"

"Ameomba maji. Mengine sijayaota."

"Lakini hukupanga hivi, dada."

"Nilipanga vibaya. Nilimtazama mdudu rangi, sikumtazama anakoelekea." Wifi akasukuma brashi mezani. "Mfute wewe. Na lile bawa la jana nimekusamehe, ila usizoee."

Mama Vifungo hakuishika brashi. Alimfuta kwa kiganja, mwili kwanza, halafu bawa moja, halafu lile jingine, polepole kama anayemfunika mtu shuka. Jioni alitoka kwenda hospitali na chaki mkononi, hakunawa. Alipofika mlangoni aligeuka, akatuambia sote, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Kalipa."