Karatasi ya Matundu Njiani Kwenda Lindi

Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na sita wakati misheni iliyokuwa karibu na kwetu, chini ya uwanda wa juu wa Rondo, ilipochomwa moto katika vita vya Maji Maji. Mtawa wa Kijerumani aliyenifundisha kufuma lesi, kile kitambaa chepesi cha nyuzi chenye maua na matundu, alikimbilia pwani na wenzake, akaniachia mto wake kwa kuwa hakuweza kuubeba. Haukuwa mto wa kulalia. Ulikuwa kama gogo fupi la kitambaa lililoshindiliwa majani makavu, likizunguka ndani ya kisanduku. Juu yake unaviringisha karatasi yenye matundu, unachomeka pini kwenye matundu hayo, kisha nyuzi zilizofungwa kwenye vijiti unazipishanisha kati ya pini mpaka lesi itokee.

Askari wa Wajerumani walipochoma ghala zetu za mtama, mimi na mama tulibaki kula mizizi ya porini. Mama akasema twende Lindi kwa binamu yake, huenda wake wa Wazungu wakanunua lesi. Tulipovuka mto Lukuledi niliteleza, kisanduku kikazama. Nilikiopoa. Karatasi nilikuwa nimeificha kifuani, haikulowa.

Karibu na mji askari walikuwa wamezuia njia, wanatafuta dawa ya vita. Mbele yetu palikuwa na mzee mwenye hirizi shingoni. Walikwisha kumfunga mikono na kumkalisha juani. Askari mmoja akafungua mzigo wangu, akaona vijiti zaidi ya thelathini vimezungushiwa nyuzi nyeupe. Akarudi nyuma. Kisha akanipekua, akaitoa ile karatasi, akaiinua, na mwanga ukapita kwenye matundu. Akaniuliza ni barua ya nani, na matundu yale yanahesabu watu au bunduki. Nikamwambia ni ya lesi. Neno lile hakulijua.

Tukapelekwa kwa bwana wa Kijerumani aliyekaa chini ya turubai. Mama alikuwa amenishika kiuno. Yule bwana alivitazama vijiti.

"Nionyeshe," akasema. "Ukidanganya, utakaa na yule mzee."

Nikapiga magoti. Karatasi ile lazima ilizunguke gogo na ncha zake zikutane barabara, tundu kwa tundu, la sivyo maua ya lesi hukatika. Nilipoizungusha, ncha zilipandana kwa upana wa kidole. Majani yalikuwa yamelowa na kunywea, gogo limekuwa jembamba. Mtawa alinifundisha kuongeza kitambaa chini ya karatasi, lakini sikuwa nacho. Mama akavua ushungi wake, akauchana kwa meno. Nikazungusha kipande mara moja, bado. Mara ya pili ncha zikakutana. Pini ya kwanza ikanichoma, tone la damu likaangukia karatasi, nikaogopa bwana asije akadhani nalo lina maana yake.

Nikatundika vijiti jozi kwa jozi, nikaanza kuvipishanisha huku nikisali kimoyomoyo kila dua niliyoijua, ya misheni na ya nyumbani, bila kuchagua. Mara mbili nilikosea nikafumua. Mwishowe kikatokea kipande kidogo, urefu wa ukucha. Bwana akainama, akakigusa kwa ncha ya kalamu.

"Pita."

Nilikusanya vitu ovyo, pini nyingine nikaziacha mchangani. Tulipofika alipokaa yule mzee, nilimwamkia. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, waambie hirizi hii ni aya ya Kurani tu."

Bwana alikuwa hatua kumi nyuma yetu. Ningeweza kugeuka nikamwambia. Mama akanivuta mkono, nami nikafuata.

Lindi tulipokewa vizuri, na lesi ilitulisha mwaka ule wote wa njaa. Lakini kwa miezi mingi, kila mtu alipopiga hodi, nilisukuma vijiti chini ya kitanda na kuikalia mikono yangu. Habari za mzee hatukuzipata. Siku moja, tukiwa jikoni, nilimuuliza mama kama tulifanya vibaya. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama.

"Niliogopa," akasema. "Nilikuwa nawe peke yako."